Kliniki tano za meno juu ya mawe ya Nyiragongo

Mgonjwa wa kwanza kulalamika alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Katindo. Alikuwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi, Dokta akimpulizia hewa jinoni ili likauke kabla ya kuzibwa. Akainua mkono. "Dokta, unisamehe, hii hewa yako inanuka mazutu." Dokta alikuwa amevaa barakoa, hakuwa amesikia harufu ya dizeli wala nyingine yoyote. Akaivua, akajipulizia kiganjani, akanusa. Baada ya muda mfupi simu yangu ikaita.

Kliniki ile niliijenga mimi, mwaka 2013, hapa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo uliokaa juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo. Wakati huo nilikuwa nimeshafanya kazi ya bomba na uashi kwa miaka kumi na sita, na watu tisa waliokuwa chini yangu waliniita kapita. Nyumba za watu, maduka ya Birere, vyoo vya shule, kanisa, vyote vilikuwa vimepita mikononi mwangu. Nilipoitwa kwa kazi ya meno, nilikihesabu chumba cha dokta kama chumba kingine chochote, ila chenye sinki moja zaidi na kiti kizito. Hakuna aliyeniambia vinginevyo, nami sikuuliza. Naandika haya kwa sababu ya kule kutouliza. Vijana wengi wanaitwa kujenga kliniki siku hizi, na ninawaona wakienda vilevile nilivyokwenda mimi.

Nilichofanya ni hiki. Nyuma ya nyumba nilijenga kibanda cha mabati, nikaweka humo jenereta, ile tunayoiita grupu, na pembeni yake nikaweka kompresa ya kiti. Niliona nimetumia akili, kwamba makelele yote yako mahali pamoja, mbali na wagonjwa. Lakini umeme ulikuwa unakatika karibu kila siku. Kila ulipokatika, grupu iliwashwa, moshi ukajaa kibandani, na kompresa ikaendelea kuvuta hewa ya mlemle. Kompresa haichagui. Inavuta kilichopo, inakibana mpaka geji ya mgandamizo isome baa 7, inakisukuma kwenye bomba, na mwisho wa bomba lile ni kidonda cha mtu.

Tulipofungua kizibo cha chini ya tangi yalitoka maji meusi, kama yale yanayobaki baada ya kusugua sufuria ya makaa. Dokta alisimama kando yangu na daftari la miadi mkononi. Hakunigombeza. Alianza kuhesabu majina, ukurasa baada ya ukurasa, tangu mwezi wa Machi, na mimi nikabaki nimeshika ile ndoo.

Kurekebisha kulichukua siku sita, kwa gharama yangu. Grupu tuliihamisha hadi pembe ya pili ya kiwanja. Kompresa tuliipa chumba chake chenye matundu mawili ya hewa, moja chini na moja juu, maana ikipata joto inachakaa haraka, na mdomo wake wa kuvutia hewa tukaupandisha juu ya ukuta, upande usiopitiwa na moshi wa magari wala wa majiko, ukiwa na chujio. Mabomba ya chuma niliyokuwa nimeyapitisha yakatolewa yote, kwa sababu ndani yalishaanza kushika kutu na kutu ile ilikuwa ikisafiri na hewa. Tukaweka ya shaba. Dokta mwenyewe alinunua kompresa nyingine isiyotumia mafuta, yenye kikaushio. Hapo nilijifunza jambo ambalo lingepaswa kuniingia mapema: hewa ya kliniki ya meno siyo ile ya kujazia matairi.

Na kuna suala la kimo. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi. Kompresa iliyoandikwa kwamba inatosha viti viwili pwani, hapa itatoa hewa pungufu kwa kama asilimia 15. Muuzaji hakuambii. Kwa sababu hiyohiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na ndiyo maana anayekuambia kwamba anachemsha koleo zake kwenye sufuria asikuguse. Vifaa vinataka otoklavu, mvuke uliobanwa hadi nyuzi 134 kwa dakika tatu au zaidi. Hilo linamhusu fundi pia: maji ya moto yanayotoka kwenye baadhi ya otoklavu yanalainisha bomba la plastiki na kuachanisha viungo vyake, kwa hiyo kabla ya kuunganisha unauliza mashine ipi inakuja na inamwaga wapi.

Kliniki ya pili ilikuwa Himbi, mwaka 2016. Mwenye nyumba, mtu mwema sana, alitaka kompresa ishushwe kwenye shimo chini ya ngazi ili isisikike kabisa. Nilimwambia: mzee, hapana. Akafikiri nakwepa kuchimba. Lakini sisi tuliokulia hapa tunajua mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, haina rangi, na inakaa mabondeni na mashimoni, hasa upande huu wa magharibi wa mji hadi njia ya Sake. Mbuzi wanakufa nayo, mbwa wanakufa nayo, watoto pia. Wazee walikuwa wakishusha mshumaa shimoni, ukizimika, hawashuki. Mimi siutegemei mshumaa, maana mtu anaweza kuzidiwa kabla moto haujazimika. Kila mwezi kuna kijana atakayeshuka kusafisha chujio la kompresa ile. Nilimwuliza mwenye nyumba kama angemtuma mwanawe. Tukajenga chumba cha juu, kuta nene, mlango wenye sponji, na makelele yakapungua vya kutosha.

Himbi ndiko nilikojifunza pia sakafu. Kiti cha meno hakisimami popote unapotaka. Chini yake kuna kisanduku ambamo vitu vitano vinatokea sakafuni: maji safi, hewa, bomba la kunyonyea mate, bomba la maji machafu, na umeme. Kiwanda kinatoa karatasi yenye michoro ya vipimo, unailaza sakafuni kama fundi cherehani anavyolaza patani. Tulipewa vipimo kwa simu, bila karatasi. Tukachimba. Na kuchimba Goma siyo kuchimba kwingine. Chini ni jiwe la volkano, unalipiga kwa nyundo na tindo siku nzima na jioni una mfereji wa kupitisha mkono. Kiti kilipofika, mabomba yetu yalikuwa nje ya kisanduku kwa sentimita 11. Vijana wawili walipiga jiwe siku tatu zaidi. Tangu hapo siweki tindo chini kabla sijaiona karatasi, na kabla ya kumwaga zege napiga picha ya kila bomba likiwa na futikamba pembeni yake inayosomeka.

Huko pia waya wa ardhi ulitutesa. Kwenye udongo unapigilia fimbo ya shaba na kazi imekwisha. Kwenye lava fimbo haiingii, na hata ukiiingiza kwenye ufa, jiwe kavu halipitishi umeme vizuri. Mgonjwa kwenye kiti ana maji mdomoni, amelala juu ya chuma, na taa na mota zimemzunguka. Tulizika waya mtupu wa shaba kuizunguka nyumba nzima ndani ya udongo ulioletwa kwa lori, tukapima kwa chombo, tukaongeza, tukapima tena. Na kwenye ubao wa umeme tukaweka kikata umeme cha miliampea 30, kile kinachojizima mara umeme unapovuja. Fundi wa umeme atakayekuambia kwamba Goma watu wanaishi bila waya wa ardhi anasema kweli, lakini usimpe kliniki.

Ukuta wa picha sitausahau. Dokta alikuwa amekodi nusu ya nyumba. Nusu ya pili kulikuwa na mama mshonaji, na kati yao ukuta wa mbao, kama nyumba nyingi za mji huu. Mashine ya kupiga picha za meno ilipangwa kuning'inizwa ukuta wa kinyume, mdomo wake ukitazama zile mbao, na nyuma ya mbao cherehani, na kwenye cherehani mama yule, siku sita kwa juma. Mashine hizo ni ndogo, kilovolti 60 au 70, na picha moja ni kitu kidogo. Lakini mbao hazizuii mionzi, na yeye hakuwa mgonjwa wala hakuwa ameulizwa. Nchi yetu ina sheria ya mwaka 2002 kuhusu hatari za mionzi, na kuna kamati ya taifa, CNPRI, yenye kazi hiyo. Dokta alileta mtu mwenye ujuzi akafanya hesabu: mionzi inaelekezwa wapi, mara ngapi kwa juma, nani amekaa upande wa pili. Tukajenga ukuta mzima usio na matofali ya mashimo, na kitufe cha kupigia picha tukakitoa nje ya mlango, zaidi ya mita mbili kutoka kwenye mashine. Kwa wanaojenga kwa mawe yetu meusi nasema jambo moja: jazeni sima, yaani saruji, kati ya jiwe na jiwe hadi ndani kabisa. Tundu lililofunikwa na lipu linaonekana ukuta kwa macho, lakini kwa mionzi ni dirisha.

Sasa nieleze la 2018, ambalo hata leo linanikosesha usingizi siku nyingine.

Lilikuwa jengo la zamani katikati ya mji, moja ya yale ambayo lava ya tarehe 17 Januari 2002 iliyakosa kwa mtaa mmoja tu. Dokta mzee alikuwa amefanya kazi humo miaka mingi na sasa alikuwa akimwachia binti yake, naye dokta wa meno. Tuliitwa kung'oa mabomba na makabati ya kale na kuweka mapya. Siku ya kwanza kijana mmoja alivuta kabati ukutani, akaingiza mkono nyuma yake kutafuta parafujo, akachomwa na sindano. Sindano ya ganzi, iliyodondoka huko miaka isiyojulikana. Tulimwosha kwa maji na sabuni, tukampeleka kupimwa, na nikalipia vipimo vyote, cha siku ile na vya miezi iliyofuata. Hakuambukizwa. Lakini miezi ile nilimwona mke wake sokoni mara mbili nikashindwa kumtazama. Tangu hapo hakuna mtu wangu anayeingia kwenye kliniki kubomoa kabla hajamaliza chanjo ya homa ya ini B, sindano tatu ndani ya miezi sita, na ya pepopunda. Makabati yanafunguliwa na wenye kliniki kwanza, wanatoa kila kitu, wanasafisha kwa dawa, wanatia sahihi kwenye karatasi. Bila karatasi tunakaa nje.

Siku ya pili kijana mwingine, aliyekuwa amerudi kutoka machimbo ya Kamituga, alifungua sifoni, lile bomba lililopinda, chini ya sinki la kale la kutemea mate. Akaniita kwa furaha. "Kapita, njoo uone. Hii ni ile ya kukamatia dhahabu." Kiganjani mwake kulikuwa na matone ya fedha yakikimbizana. Alikuwa akiyatikisa kama mtu anayecheza na gololi. Kule Kamituga, akasema, wananunua.

Binti wa dokta alikuwa mlangoni. Sauti yake haikupanda, lakini kila mtu alisimama. "Weka kwenye kikombe. Polepole. Wengine tokeni, fungueni madirisha yote, asipite mtu na fagio." Akavua pete yake ya ndoa, kwa sababu zebaki hushika dhahabu, akavaa glovu, akapiga magoti sakafuni pamoja nami.

Ile dawa ya fedha ya kuzibia meno, amalgamu, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Zamani madokta waliichanganya wenyewe kwa mkono, matone yakadondoka, yakaingia kwenye nyufa za sakafu na kwenye sifoni, na kwa kuwa ni mazito yakatulia humo kwa miongo. Hayanuki. Yanatoa mvuke usioonekana, na mvuke huo ndio unaoharibu mtu. Fagio linavunja tone moja kuwa mia. Mashine ya kufyonza vumbi inaupeperusha mvuke chumba kizima. Tulikusanya kwa vipande viwili vya katoni, tukavuta kwa bomba la sindano lisilo na ncha, na yale madogo kama vumbi tukayabandua kwa utepe wa gundi. Yote yaliingia kwenye chupa nene ya kioo, tukamwaga maji juu yake, tukafunga, tukaandika. Chupa iliingia kwenye stoo yenye kufuli.

Kisha nikamwuliza yule kijana maji ya sifoni aliyamwaga wapi. Akaonyesha nyuma ya nyumba. Kulikuwa na ufa katika lava, ufa ambao kila mtu wa nyumba ile aliutumia kumwaga maji machafu, kwa sababu katika mji huu ardhi inameza kila kitu na haijai. Tuliusimamia ufa ule bila kusema neno. Goma inakunywa ziwa. Maji ya REGIDESO, shirika la maji, yanavutwa kutoka Ziwa Kivu, na wasio na bomba wanashuka ufukoni na bidoni zao asubuhi. Sijui niseme nini kuhusu ufa ule zaidi ya kwamba niliuziba kwa zege siku iliyofuata, na kuuziba hakukurudisha kilichoingia.

Binti wa dokta alinieleza kuhusu Minamata, mji wa Japani ambako watu walikula samaki wenye zebaki iliyomwagwa na kiwanda, watoto wakazaliwa na ulemavu, na kwamba mkataba wa dunia kuhusu zebaki umepewa jina la mji huo. Ulitiwa sahihi 2013 na kuanza kazi 2017. Ulaya iliamuru kwamba kuanzia 2019 kila kliniki inayotumia au kutoa amalgamu iwe na kichujio kwenye bomba la maji machafu kinachokamata angalau asilimia 95 yake. Hata dokta asiyeweka amalgamu mpya bado anatoa za zamani vinywani mwa watu, kwa hiyo kichujio hakiepukiki. Tuliagiza kimoja. Kwangu mimi hili ni la kwanza kabisa kwa mji uliojengwa juu ya nyufa na kando ya ziwa, kabla ya rangi ya ukuta na kabla ya runinga ya chumba cha kungojea. Siku hizi sifoni ya kliniki ya kale haifunguliwi bila beseni chini yake na dokta akiwepo, na kilichomo hakimwagwi popote.

Vumbi nitalisema kwa ufupi, ingawa ndilo linaloleta ugomvi mwingi. Wenye kliniki wanataka kuendelea kuhudumia huku chumba cha pili kinajengwa. Wanaogopa kupoteza wagonjwa. Tulikata vigae kwa mashine ukumbini, vikapoteza rangi viti vyote, na bibi mmoja aliyetoka kung'olewa jino alikaa kwenye vumbi lile na pamba mdomoni, akikohoa. Vumbi la kukata ni la mawe, linakaa mapafuni. Vumbi la kubomoa dari za kale lina mbegu za ukungu, na kwa mtu mwenye kinga dhaifu ukungu huo unaua. Kukata ni nje, kwa maji. Kati ya wajenzi na wagonjwa ni nailoni nzito kutoka dari hadi sakafu, iliyobandikwa pembe zote, na njia yetu ya kuingilia ni nyingine. Kazi ya kelele na vumbi inaanza mgonjwa wa mwisho akishaondoka. Asubuhi, kabla ya wa kwanza, chumba kinapanguswa kwa kitambaa chenye maji. Mwenye kliniki asiyekubali hayo, namwacha atafute mwingine.

Mwaka 2021 tulikuwa Kyeshero, kliniki ya nne. Tulifunga sakafu Alhamisi tarehe 20 Mei. Jumamosi usiku mbingu ikawa nyekundu. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege, lakini ardhi ilitetemeka siku baada ya siku, na tarehe 27 ikatolewa amri ya kuhama mitaa mingi. Nilikwenda Sake na watoto, kwa miguu, kama wengine. Mwezi wa Juni tuliporudi, kuta zilikuwa na mipasuko iliyopanda kama ngazi na geji ya hewa, niliyoiacha ikisoma 8, ilikuwa sifuri.

Hapo ndipo zile picha zenye futikamba zilipolipa. Hatukuvunja sakafu nzima. Tuliitazama picha, tukaona kiwiko kimoja kilichobanwa kati ya mawe mawili bila nafasi ya kucheza, tukavunja vigae vitatu, na ndicho kilichokuwa kimepasuka. Sasa nalaza mabomba kwenye mchanga na kuyavika mfereji mpana zaidi panapokatiza ukuta. Mji huu unatikisika, bomba lisilo na nafasi litavunjika.

Maji nayo yalikuwa yamelala kwenye mabomba wiki tatu. Binti yule wa dokta (tumekuwa kama ndugu, alikuja kutazama) alifungua bomba, akapitisha kidole ndani ya mdomo wa bomba hilo, akanionyesha utelezi. Akanieleza juu ya bibi wa miaka 82 huko Italia aliyefariki mwaka 2011 kwa nimonia ya Legionella, na vijidudu vilevile vikapatikana kwenye maji ya kiti cha meno alichokalia. Maji yaliyosimama, ya uvuguvugu, ndani ya bomba jembamba, ndiyo shamba lao. Akaniuliza: kuna bomba lolote ulilolifunga bila kutumika? Lilikuwepo. Mita tatu nzima, nililoliweka kwa ajili ya kiti cha pili kitakachonunuliwa Mungu akijalia. Nilikuwa nimelihesabu kama wema kwa mwenye nyumba. Nikalikata hadi kwenye shina. Kisha tukasafisha mfumo wote, maji yakatiririka hadi yakawa maangavu, tukatia klorini miligramu 50 kwa lita, ikakaa saa nzima, tukasuuza. Wafanyakazi wa kliniki wakafundishwa kutiririsha maji ya kiti dakika mbili kila asubuhi na jioni, na nusu dakika kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Mengi ya haya yamo katika mwongozo mmoja wa Uingereza kuhusu usafi wa vifaa katika kliniki za meno, HTM 01-05, toleo la 2013, ambao alinitafsiria kurasa zake kwa Kifaransa usiku wa kazi yake. Mle nimesoma kwamba sinki ya kunawia mikono isiwe na kizibo, na bomba lisimwage moja kwa moja juu ya tundu la kutolea maji, kwa sababu uchafu wa tundu hurukia mikono. Kwamba vifaa visafiri upande mmoja tu, kutoka kwenye uchafu kwenda kwenye usafi, wala visikutane njiani. Kwamba sakafu isiwe na pembe kali inapopandia ukuta. Nayakubali yote. Ila mwongozo ule uliandikwa kwa watu ambao maji hayajawahi kuwakatikia, na hapa bila tangi hufanyi kazi siku mbili mfululizo. Kwa hiyo tangi letu lina mfuniko unaobana, halipitishi mwanga, na halipokei maji ya paa. Nimezaliwa Rusayo, chini ya volkano, nimekunywa mvua ya mabati utotoni kwangu kote, na meno yangu ya mbele yana mabaka ya kahawia hadi leo kwa sababu ya floridi inayoshuka na mvua ile kutoka kwenye moshi wa volkano. Dokta yeyote wa mji huu anayatambua mabaka hayo. Maji yale siwezi kuyaunganisha kwenye kiti chake.

Kliniki ya tano iko Katindo, si mbali na ile ya kwanza. Yule kijana wa Kamituga sasa ndiye fundi wa mabomba, na ndiye anayebandika ile karatasi ya masharti mlangoni kila tunapoanza. Jana tumelaza shaba yote, tumejaza hewa saa kumi na moja jioni, geji imesoma 8, tumeifunika kwa ndoo asiiguse mtu. Zege halijamwagwa. Dokta amesema kesho saa moja asubuhi atakuja kuisoma yeye mwenyewe.